Mgonjwa Anasikia, Ila Hawezi Kufumbua Macho

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu unaujua msimu wa korosho. Kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba korosho huanguka chini. Baba, mama na watoto huinama kutwa nzima wakiokota. Majani makavu yametanda chini ya mikorosho. Matawi yameshuka karibu na kichwa. Hapo ndipo watu wengi hukutana na nyoka.

Kabla ya msimu huo kuna kazi ya kupuliza dawa. Mashine inabebwa mgongoni. Upepo unageuka. Mikono inalowa. Hapo watu hukutana na sumu nyingine, sumu ya dukani.

Sumu ya nyoka na sumu ya dukani zinaonekana ni vitu mbalimbali kabisa. Lakini ziko sumu za nyoka na sumu za dukani ambazo hufanya kazi mahali pamoja ndani ya mwili. Mahali hapo ni padogo sana. Ukipafahamu, utaelewa kwa nini mtu aliyeumwa na fira huweza kuonekana amekufa, kumbe bado anasikia maneno yenu yote. Utaelewa pia kwa nini mtu huyo hapaswi kulazwa pembeni na kuliliwa. Anapaswa kupuliziwa pumzi mpaka afike hospitali.

MTO USIO NA DARAJA

Unapotaka kuinua jembe, amri hutoka kwenye ubongo. Amri hushuka katika uti wa mgongo. Kisha hupita katika mshipa wa fahamu mpaka mkononi. Watu wengi hudhani mshipa huo umefungwa kwenye msuli kama kamba ilivyofungwa kwenye ndoo. Sivyo. Kati ya mwisho wa mshipa na msuli ipo nafasi. Nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wako mara elfu moja na zaidi. Lakini ni nafasi, na amri lazima ivuke.

Fikiria mto Ruvuma. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kupeleka barua kwa ndugu zake upande wa Msumbiji alitegemea mtumbwi. Mwili wako haujajenga daraja hata leo. Bado unatumia mitumbwi.

Mitumbwi yenyewe ni dawa inayotengenezwa na mwili. Inaitwa asetilikolini. Amri ikifika mwisho wa mshipa, asetilikolini humwagwa. Inavuka ile nafasi na kutia nanga ng'ambo, kwenye gati za msuli. Msuli unakaza, na jembe linainuka. Mara ile ile wanatokea wafagiaji. Hawa ni kitu kingine cha mwilini ambacho kazi yake ni kuvunja mitumbwi iliyokwisha kufika. Wanasafisha gati ili amri nyingine iweze kupokelewa. Mambo yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

Henry Dale wa Uingereza na Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Austria, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kugundua kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa kumwaga dawa ya namna hii.

Sasa kumbuka vitu vitatu: mitumbwi, gati, wafagiaji. Kimoja kikiharibika, msuli hauwezi kufanya kazi yake. Ukiwa ni msuli wa mguu, utachechemea. Ukiwa ni msuli wa kope, jicho litafumba. Lakini hata kuvuta pumzi ni kazi ya misuli. Hiyo ikisimama, mtu hufa kwa dakika chache.

NYOKA WA NEWALA

Nyoka wa nyanda za Makonde wamejulikana duniani kwa muda mrefu. Alikuwako Mwingereza mmoja, Constantine Ionides. Alizaliwa mwaka 1901 na alikuwa bwana nyama katika Jimbo la Kusini. Watu walimwita Bwana Nyoka. Makao yake yalikuwa Liwale, lakini alifika Newala kukamata nyoka kwa ajili ya bustani za wanyama na wataalamu wa sumu. Aliumwa mara nyingi. Alifariki mwaka 1968. Usimwige.

Nyoka aliowatafuta Newala ni wale wale unaowaogopa wewe. Mmoja ni kifutu mkubwa wa msituni, mwenye rangi kama majani makavu. Wa pili ni fira. Wa tatu ni nyoka mrefu wa kijani akaaye mitini, hasa kwenye miembe na mikorosho. Wazungu humwita "mamba". Kwetu mamba ni wa mtoni, hivyo katika makala hii tutamwita koboko wa kijani.

Fira huziba gati. Sumu yake hukaa pale ambapo mitumbwi ingetia nanga. Amri inatoka, mitumbwi inavuka, lakini haina pa kufikia. Msuli unalegea.

Koboko wa kijani ana njia nyingine. Miaka ya 1980 wataalamu walitenga vitu viwili katika sumu yake. Kimoja hufanya mshipa umwage mitumbwi mingi kupita kiasi. Cha pili huwafunga wafagiaji. Kwa hiyo mitumbwi inajazana gatini. Nyama za mwili huanza kurukaruka zenyewe chini ya ngozi. Baadaye misuli huchoka na kulegea.

Kifutu hana habari na mto huo. Sumu yake huharibu nyama na damu. Mahali palipoumwa huvimba sana na kuuma sana. Damu inaweza kutoka kwenye fizi au kwenye mkojo. Swila atemaye mate naye akiuma huozesha nyama. Akitema machoni, osha macho mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

TUSEME JIRANI YAKO AMEUMWA

Tuseme jirani yako ameumwa mguuni na fira saa 3 asubuhi. Jeraha ni dogo. Pengine hata hakuna uvimbe mkubwa. Watu wanasema, "Hakuna neno, atapona." Usikubali. Sumu inayolegeza misuli haihitaji uvimbe.

Mtazame usoni. Kope ndizo huanza. Mwambie aangalie juu bila kuinua kichwa. Kope zikishuka zenyewe kama za mtu mwenye usingizi, sumu imefika kwenye gati. Kisha huona vitu viwili viwili. Sauti hutoka puani. Mate humjaa mdomoni kwa sababu hawezi kumeza. Shingo hushindwa kubeba kichwa.

Kuna kipimo ambacho kila anayejua kuhesabu anaweza kukifanya. Mwambie avute pumzi moja kubwa, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta pumzi nyingine. Tuseme kwanza amefika 30. Rudia baada ya dakika 15. Akifika 20, kisha 12, ujue misuli ya pumzi inachoka. Hakuna muda wa kungoja.

Mwisho hawezi kusema wala kufumbua macho. Mikono imelegea. Watu huanza kulia wakidhani amekufa au amerogwa. Ndugu msomaji, shika jambo hili. Sumu ya fira imefunga misuli yake tu. Haikufunga masikio yake wala akili yake. Maadamu anapata hewa, anawasikia. Anasikia mnapobishana kuhusu nauli. Anasikia mnapotuma mtu kununua sanda. Wagonjwa waliopona wamewasimulia waganga mambo yaliyosemwa kando ya kitanda chao. Mshike mkono, mweleze mnakwenda wapi.

Akiacha kupumua, mpe pumzi yako. Mlaze chali. Futa mate yaliyo mdomoni. Inua kidevu chake ili ulimi usizibe koo. Bana pua yake. Weka mdomo wako juu ya wake na upulize mpaka kifua kipande. Acha kishuke. Hesabu moja hadi tano, puliza tena. Mkichoka, pokezaneni. Ni kazi ngumu, tena ndefu. Lakini moyo wake bado unapiga, na hewa yenu ndiyo inayomweka hai.

Mambo mengi yanayofanywa kijijini kwanza hayafai. Usichanje jeraha. Usinyonye. Usipake mafuta ya taa. Lile jiwe jeusi la nyoka halivuti sumu. Usifunge kamba ya kukaza hadi damu isipite, kwani mguu unaweza kuoza. Kama watu wamekwisha kuifunga, usiifungue ghafla njiani. Waache wahudumu waifungue wakiwa na dawa tayari. Unalopaswa kufanya ni kumtuliza, kumvua bangili na pete, na kuufunga mguu kwenye mti ulionyooka kama mguu uliovunjika. Asitembee. Akianza kutapika au kujaa mate, mlaze ubavu.

Usimtafute nyoka ili umuue na kumbeba. Nyoka aliyekufa kidogo bado huuma. Kama una simu ya picha na nyoka yuko mbali, piga picha, basi.

Juu ya bodaboda, hili nitalisema wazi. Ni mwepesi kufika, lakini mgonjwa aliyelegea akikalishwa kati ya watu wawili, shingo huanguka na koo huziba. Huwezi kumpa pumzi juu ya pikipiki. Ikiwa ni bodaboda tu iliyopo, ondoka sasa hivi, kabla kope hazijashuka. Ikiwa ameanza kulegea, tafuta gari alale. Na kabla ya kuondoka, piga simu. Mganga wa zahanati aulize kama dawa ya sumu ya nyoka iko Mkomaindo, au Ndanda, au hospitali ya Newala. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200. Si vizuri kugundua njiani kwamba mlielekea upande usio na dawa.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Watauliza aliumwa saa ngapi na nyoka alikuwa wa namna gani. Watatazama kope, ulimi na shingo. Watatoa damu kidogo na kuiweka katika chupa safi ya kioo bila kuitikisa. Baada ya dakika 20 wataiinamisha. Ikiwa haikuganda, sumu imeharibu damu, na huenda nyoka alikuwa kifutu.

Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo. Dawa inayotengenezwa Afrika Kusini inawahusu fira, makoboko na vifutu pamoja. Hutiwa mshipani. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hampunguzii mtoto sumu. Watu wengine hudhurika na dawa hiyo, ndiyo maana mhudumu huweka sindano nyingine tayari pembeni. Usinunue dawa hii ukajidungia nyumbani.

Dawa hukamata sumu iliyomo katika damu. Sumu iliyokwisha kushika gati haiondoki upesi. Hivyo mgonjwa anaweza kupewa dawa na bado asipumue. Hapo kazi ni kumpumulia, kwa mashine au kwa mfuko unaobanwa kwa mkono, saa nyingi, pengine siku kadhaa. Pumzi ikishikiliwa vizuri, gati hufunguka tena na mtu hurudi shambani.

Iko pia sindano iitwayo neostigmini. Huwazuia wafagiaji kwa muda, ili mitumbwi iwe mingi na ipate gati chache zilizobaki. Kwa baadhi ya watu walioumwa na fira inasaidia. Kwa koboko wa kijani haifai, maana yeye amekwisha kuwafunga wafagiaji. Unaona sasa kwa nini daktari anauliza sana juu ya rangi ya nyoka.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima na watoto wao.

SUMU YA DUKANI

Salfa ya kupuliza ubwiriunga wa mikorosho huwasha macho na kifua, lakini haigusi mto wetu. Zinazotisha ni baadhi ya dawa za kuua wadudu. Liko kundi zima la dawa hizo, nyingine za mboga, nyingine za pamba, nyingine za ghala, ambalo huwaua wafagiaji. Mdudu hufa kwa sababu hiyo. Nawe ukiingiwa nayo kwa wingi, utaumwa kwa sababu hiyo hiyo.

Dalili hazifichiki. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Machozi, mate, jasho na kamasi hutoka kwa wingi. Mtu hutapika, huharisha, hujikojolea. Nyama za mwili hurukaruka. Kifua hukoroma kwa maji. Kisha misuli hulegea.

Mtoe shambani. Mvue nguo zote, hata kama mnaona aibu. Dawa hizi hupita kwenye ngozi. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha. Wewe unayemwosha vaa glavu, au hata mifuko ya nailoni mikononi. Usimtapishe. Maziwa si dawa ya sumu hii. Chukua chupa au kibandiko chake mwende nacho hospitali. Huko atapewa atropini, tena na tena, mpaka kifua kikauke. Na asitoroke wodini akiona nafuu. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya pumzi inaweza kulegea upya.

Wewe uliyejifunza kusoma, kisome kibandiko kabla ya kufungua chupa. Chini yake kuna mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani ni sumu. Na tafadhali, usihamishie dawa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua soda.

PASIPO NYOKA WALA DAWA

Wako watu ambao gati zao huharibika bila sumu yoyote. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanakosea na kushambulia gati za misuli. Ugonjwa huu huitwa miasthenia gravisi. Si wa kuambukiza. Si uchawi wala uvivu.

Asubuhi mgonjwa hana shida. Jioni kope zinashuka, pengine moja kuliko nyingine. Anaona vitu viwili. Akila nyama, taya huchoka katikati ya chakula. Akizungumza sana, sauti inafifia. Akipumzika, nguvu zinarudi. Kuja na kuondoka huko ndiko kunakowafanya majirani waseme anajifanya.

Dawa yake ya kwanza ina historia ya Afrika. Wazee wetu waliwahi kuwanywesha watu mwavi ili kumjua mchawi. Huko Calabar, Nigeria, walitumia maharage ya mmea mwingine kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1934 daktari mwanamke wa London, Mary Walker, alifikiri kwamba ugonjwa huu unafanana na sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini iitwayo kurare, nayo dawa iliyotoka katika maharage ya Calabar ilijulikana kuishinda. Akamdunga mgonjwa wake. Kope zikainuka kwa muda. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani walitumia sumu ya nyoka wa Asia kuzihesabu gati za wagonjwa hawa. Wakakuta zimepungua sana.

Mhudumu anaweza kufanya kipimo rahisi. Hufunga kipande cha barafu katika kitambaa safi na kukiweka juu ya kope iliyoshuka kwa dakika mbili. Ubaridi humsaidia mgonjwa wa miasthenia, na kope huinuka kidogo. Barafu ya muuza samaki inatosha. Baada ya hapo hupelekwa hospitali kubwa kwa vipimo vya damu na vya misuli. Matibabu ni vidonge vya piridostigmini, na mara nyingi dawa za kuwatuliza wale askari. Wengine hupasuliwa kifuani kuondoa tezi moja. Mgonjwa huyu akipata malaria au ugonjwa mwingine, lazima amwambie mganga hali yake kabla ya kupewa dawa, kwa sababu kwinini na baadhi ya sindano za vijidudu, kama jentamaisini, humzidishia udhaifu.

Tusichanganye na konzo. Konzo hukakamaza miguu yote miwili ghafla, na haiji na kuondoka. Husababishwa na muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri wakati wa njaa. Ilionekana Tarime mwaka 1985, na baadaye katika mkoa wetu wa Mtwara. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

KARATASI YA NJIANI

Hospitali mgonjwa hawezi kusema, na anayemsindikiza amechanganyikiwa. Kwa hiyo chukua karatasi na kalamu kabla gari halijaondoka. Andika hivi:

"Ameumwa na nyoka saa 3 asubuhi. Mguu wa kulia. Nyoka mweusi, alitanua shingo. Saa 4 kope zimeshuka. Saa 4 na nusu alihesabu mpaka 12. Amepewa dawa ya miti kunywa, kikombe kimoja."

Usione haya kuandika ile dawa ya miti. Mganga anahitaji kuijua. Mpe karatasi yule anayekaa karibu na kichwa cha mgonjwa, na kalamu pia, ili aongeze saa ambayo pumzi ilianza kupungua.